Shinkolobwe: shimo lililofunguliwa mara tatu



Ukitoka Kisangani kwa barabara ya Buta, baada ya kilomita 128 hivi msitu unafunguka na mto Aruwimi unakata njia. Hapo ndipo Banalia. Upande wa juu mto huu huu unaitwa Ituri. Upande wa chini unaingia katika mto Kongo pale Basoko. Wakaaji wa hapa wanajua kulima, kuvua na kuwinda. Lakini siku hizi vijana wengi wanajua zaidi beleshi na karai. Wanatafuta dhahabu, wanatafuta almasi. Wengine wanaingia msituni kwa miezi mingi, na nyumbani habari zao zinafika kwa mdomo tu.

Katika makambi ya wachimbaji maneno hayakosi. Leo eti fulani ameokota almasi kubwa. Kesho eti kuna jiwe moja jeusi, zito kama chuma, ambalo wageni wanalinunua kwa dola nyingi kupita dhahabu: urani! Kijana anasikia, anaanza kuota. Usiku mama anauliza: “Baba watoto, hiyo urani ni kitu gani?” Baba ananyamaza, juu na yeye hajui.

Basi mwezi huu tufunge safari. Tuondoke Banalia kwa mawazo, tushuke kusini kilomita 1,400 hivi kwa njia ya ndege, mpaka Haut-Katanga. Huko kuna shimo moja ambalo limefunguliwa mara tatu na kufungwa mara tatu. Na watu bado wanauliza kama litafunguliwa mara ya nne.

NJIA YA KWENDA HUKO

Kutoka Lubumbashi unachukua barabara ya Likasi, kilomita 120 hivi. Zamani Likasi iliitwa Jadotville. Msitu wa huku si kama wetu. Miti ni mifupi, imeachana, mwanga unafika mpaka chini, wanauita miombo. Wakati wa kiangazi majani yanakauka na vumbi jekundu linapaka kila kitu, hata nguo zilizoanikwa. Likasi ni mji wa reli, wa viwanda vya shaba, na wa nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari.

Ukipita mji, upande wa magharibi, kilomita 20 hivi, kuna Shinkolobwe. Inasimuliwa kwamba jina hili ni la tunda fulani: likichemshwa, nje linaonekana limepoa, lakini ukilibana mkononi linakuunguza. Ndiyo maana mtu mpole ambaye akichokozwa anakuwa mkali, naye huitwa hivyo. Wazee waliotoa jina hili hawakujua habari ya atomu. Lakini jina limekubali mahali pake!

Mgeni haingii hivi hivi. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji pale mwaka 2004. Kwa hiyo sisi tutaingia kwa mlango wa historia.

JIWE LA KWANZA: RADIUMU

Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, aliona kilimani mawe yenye rangi za ajabu, ya manjano na ya machungwa. Kumbe chini yake kulikuwa na jiwe jeusi lenye utajiri mkubwa wa urani. Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 1921. Mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, na huko yakasagwa na kuchujwa.

Lakini wakati ule hakuna aliyetaka urani. Walichotaka ni radiumu, kitu kinachong'aa gizani. Madaktari walikitumia kutibu kansa, na viwanda vya saa vilikipaka katika namba ili zisomeke usiku. Radiumu ni haba sana: katika tani tatu za urani unapata gramu moja hivi tu. Urani yenyewe ilihesabiwa karibu kama takataka, au iliuzwa kuwa rangi ya vyombo vya udongo na vioo.

Hapa tusimame kidogo. Huko Marekani wasichana waliopaka saa hizo walifundishwa kulamba ncha ya brashi ili iwe kali. Waliambiwa hakuna hatari. Wakaanza kuoza mataya, wengine wakafa. Mwaka 1928 kesi ya wasichana wa New Jersey ilijulikana katika magazeti mengi. Kwa hiyo hatari ya jiwe hili ilijulikana ulimwenguni tangu siku zile. Na Shinkolobwe watu waliendelea kulichambua kwa mikono.

Mwaka 1937 kampuni ilisimamisha kazi. Shimo likafungwa, maji yakajaa. Mara ya kwanza.

JIWE LA PILI: URANI

Mwishoni mwa mwaka 1938 wataalamu wa Ujerumani walivumbua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuka na kutoa nguvu nyingi mno. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Barua ile ilisema wazi kwamba chimbuko kubwa la urani liko katika Kongo ya Wabelgiji. Angalia, ndugu: jambo la Likasi lilikuwa mezani mwa rais wa Marekani, na mtu wa Likasi hajui kitu.

Mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kuonywa na Waingereza kwamba jiwe lake ni jiwe la vita. Mwaka 1940 akapeleka tani 1,200 hivi za mawe kupitia bandari ya Lobito, Angola, mpaka New York. Yaliwekwa ndani ya mapipa katika ghala huko Staten Island, na yakakaa pale karibu miaka miwili. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kanali Kenneth Nichols, alimwendea Sengier ofisini kwake New York. Wanasema mapatano yaliandikwa kwa mkono, kwenye karatasi ya kawaida, kwa muda wa nusu saa hivi.

Kwa nini haraka namna hiyo? Sababu ni utajiri wa jiwe lenyewe. Katika kilo 100 za mawe ya Shinkolobwe yaliyo bora, kilo 65 zilikuwa oksidi ya urani. Mawe mengi ya Amerika hayakufikisha hata kilo moja katika mia.

Waamerika wakaja kusaidia kufungua shimo tena. Maji yalipigwa pampu, viwanja vya ndege vya Elisabethville na Léopoldville vilipanuliwa, jina la Shinkolobwe likafutwa katika ramani. Siri juu ya siri.

MAHALI JIWE LILIPOKUTANA NA MAJI YETU

Jiwe lilipita wapi? Kwa treni kutoka Katanga mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Hapo lilipakiwa katika mashua za mto Kasai. Kasai unaingia katika mto Kongo pale Kwamouth. Kisha Léopoldville, kisha treni tena mpaka Matadi, kisha bahari.

Sasa fikirini, watu wa Aruwimi. Maji yanayopita chini ya mitumbwi yenu pale Banalia yanafika Basoko, yanapita Lisala na Mbandaka, yanafika Kwamouth. Kwa hiyo mashua zile, kuanzia Kwamouth mpaka Léopoldville, zilielea juu ya maji yaliyochanganyika na maji yenu. Mpakiaji aliyebeba mzigo alijua ni mzigo mzito tu. Nahodha alijua ni kazi ya kampuni tu.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Ndani yake mlikuwa na kilo 64 hivi za urani. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu 140,000 hivi walikuwa wamekufa, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa kazini njiani asubuhi ile. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile yote ya Waamerika ilitoka katika shimo la Shinkolobwe.

Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Waliochambua mawe kwa mikono na kuyatia katika magunia, majina yao hayakusomwa siku hiyo.

Baada ya vita kazi iliendelea chini ya ulinzi mkali. Ilipokaribia 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wabelgiji walisimamisha kila kitu na kuziba njia za chini kwa sima. Mara ya pili.

Tusiseme urani ni shetani. Mwaka 1959, kwenye kilima cha Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa, iliwashwa reaktori ya atomu ya kwanza katika Afrika. Aliyesukuma kazi hiyo alikuwa Padri Luc Gillon, mkuu wa chuo, ambaye mwenyewe alisomea fizikia ya atomu. Ilikuwa ya kufundishia na ya utafiti. Ya pili ilianza mwaka 1972, ikasimama mwaka 2004. Jiwe ni lile lile. Tofauti ni nani analishika, na kwa kazi gani.

JIWE LA TATU: KOBALTI

Kwa miaka karibu arobaini Shinkolobwe ililala. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni kubwa ya Serikali, Gécamines, ilikuwa imeanguka. Mishahara hakuna. Baba waliokuwa mafundi wakawa wachimbaji wa mkono. Wakati huo huo ulimwengu ulianza kuomba kobalti, ambayo leo inajulikana sana juu ya betri za simu na magari. Na pembeni mwa shimo la zamani kobalti ilikuwapo, nyeusi, karibu na uso wa ardhi.

Watu walikuja kwa maelfu. Kijiji kikazaliwa: nyumba za majani, vibanda vya maandazi, vyumba vya kuombea, watoto wakizaliwa humo. Walichimba kobalti, lakini ardhi ni moja. Kobalti na urani zinakaa pamoja kama mahindi na maharagwe katika shamba moja. Aliyebeba gunia la kobalti huenda alibeba na urani bila kujua.

Januari 2004 dekreti ya Rais ilifunga mgodi. Lakini dekreti haifungi njaa. Watu waliendelea kuingia. Tarehe 8 Julai 2004 udongo uliporomoka: 8 wakafa, 13 wakajeruhiwa. Mwezi uliofuata kijiji kilibomolewa. Baadaye mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ulituma wataalamu. Waliona kwamba mashimo yanaweza kuporomoka tena, na kwamba anayefanya kazi pale siku nyingi anajiweka katika hatari ya mionzi. Walishauri uchimbaji wa mkono usirudi pale.

Mara ya tatu. Na familia zile? Zilifunga mizigo zikaenda kutafuta shimo lingine.

JE, LITAFUNGULIWA TENA?

Habari hii si ndoto tupu. Mwezi wa tatu 2009, Rais Sarkozy wa Ufaransa alipotembelea Kinshasa, kampuni ya Areva ilitia sahihi mapatano na Kongo juu ya kutafuta na kuchimba urani. Mgodi haukutokea. Mwaka 2011 ajali ya Fukushima, Japani, iliangusha bei, na makampuni mengi yakarudi nyuma.

Lakini upepo umegeuka. Nchi nyingi zinataka tena umeme wa atomu, na Januari 2024 bei ya urani ilipita dola 100 kwa ratili, jambo ambalo halikuonekana tangu 2007. Wenzetu wa Malawi wana mgodi wa Kayelekera: ulifunguliwa 2009, ukafungwa 2014 juu ya bei mbaya, na mwaka 2025 umeanza tena. Reli ya Lobito, ile ile iliyobeba mawe mwaka 1940, nayo inafufuliwa; Oktoba 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya walitia sahihi kuisaidia, safari hii kwa ajili ya shaba na kobalti.

Kwa hiyo siku moja mtu anaweza kuja na karatasi na kusema: “Tunafungua Shinkolobwe.” Au anaweza kuja Banalia na kusema: “Tumepata kitu hapa.” Tukitazama historia hii tunaona jambo moja. Mara tatu shimo lilifunguliwa juu ya shida ya watu wa mbali, mara tatu kwa jiwe tofauti, na kila mara mtu aliyeshika beleshi alikuwa wa mwisho kuambiwa ameshika nini. Mwizi wa kwanza si yule anayeiba jiwe. Ni yule anayeficha jina lake.

NA SISI WA BANALIA?

Mtasema: “Sisi hatuna urani, tuna dhahabu na almasi.” Ngoja kwanza. Mnakumbuka mwaka 2021? Mwezi wa sita watu walianza kufa katika eneo letu, na kambi za wachimbaji wa upande wa Panga zilikuwa kati ya mahali pa kwanza kuguswa. Shingo inakakamaa, homa, siku chache mtu amekwisha. Wengi walisema ni uchawi. Ilikuwa meninjiti. Serikali ilitangaza ugonjwa tarehe 8 Septemba, baada ya maabara ya Paris kuthibitisha. Siku ile hesabu ilikuwa wagonjwa 261, na wafu 129. Chanjo zikaja, ugonjwa ukazimwa. Lakini kati ya mwezi wa sita na wa tisa kuna miezi mitatu!

Meninjiti na urani si ndugu. Lakini funzo ni moja: mahali ambapo hakuna anayeandika nani ameingia shimoni, nani ameugua, nani amekufa, hapo hatari inakaa nyumbani kama mgeni asiyeulizwa jina.

Kwa hiyo, vijana na wazazi, tushike mambo haya:

1. Uliza jiwe ni nini. Mionzi haina harufu wala rangi. Mawe ya urani yanatoa hewa inayoitwa radoni. Ukiivuta miaka mingi shimoni, inaleta kansa ya mapafu, na vumbi lake nalo ni baya. Mtu halali leo akaamka na kansa kesho; inakuja baada ya miaka, wakati mwajiri amekwisha kwenda. Ndiyo maana katika mgodi wa urani unaofuata sheria shimo linapepewa hewa, na mionzi inayompata kila mfanyakazi inapimwa na kuandikwa.

2. Usinunue wala usiuze “urani” ya chupa au ya kopo. Matapeli wengi wanauza udongo au risasi kwa jina hilo. Na kama ni ya kweli, ni mbaya zaidi: utapoteza afya, kisha utafungwa. Ukikuta kitu chenye alama ya mionzi, usikiguse. Weka watoto mbali na uwaambie wakubwa wa mahali.

3. Usilete mgodi nyumbani. Nguo za shimoni zisifuliwe pamoja na za mtoto. Nawa kabla ya kula. Usijengee nyumba kwa mawe na mchanga wa machimbo ambao hujui umetoka wapi.

4. Jua haki ya mahali pako. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema katika ushuru ambao kampuni inalipa juu ya madini, mia 50 inakwenda kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenyewe, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Tena kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na kuandika pamoja nao mapatano ya kazi watakazofanyiwa: shule, maji, hospitali. Watu wasiojua hayo watapewa mpira mmoja wa vijana na mifuko mitatu ya sima, nao watapiga makofi.

5. Wekeni daftari. Kila kambi iwe na mtu anayejua kuandika: jina, kijiji, siku ya kuingia, ugonjwa. Daftari moja ni bei ya soda. Kama lingekuwapo mwaka 2021, labda chanjo zingefika mapema.

Kuuliza si ujinga. Mtu wa Shinkolobwe wa mwaka 1943 hakuwa na nafasi ya kuuliza. Kulikuwa na mlinzi na kulikuwa na siri. Wewe nafasi unayo. Anayekuja na karatasi ya kutia sahihi, mkaribishe vizuri, mpe kiti na maji ya kunywa. Kisha muulize: Hili ni jiwe gani? Nani atapima afya yetu, na karatasi ya vipimo itabaki kwa nani? Siku mtakapofunga, nani atafukia shimo? Kama hana jibu kwa moja kati ya hayo matatu, kalamu ibaki mezani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

– Katika familia yetu, nani yuko katika machimbo sasa? Tunajua yuko kambi gani, na tutampata namna gani akiugua?

– Vijana: rafiki akikuambia kuna kazi ya jiwe lenye faida kubwa mahali pa mbali, utamuuliza mambo gani matatu kabla ya kuondoka?

– Wazazi: mtoto aliyeacha shule akaenda shimoni, tulimwambia nini siku ile? Tungemwambia nini leo?

– Wazee wa mahali petu wanajua nini juu ya fedha za madini zilizopaswa kufika hapa? Nani atakwenda kuwauliza, na lini?